Chuo cha umma Marekani kinaweza kunifukuza kwa maneno yangu?

SWALI: Shikamoo wakili. Natokea Tanga, niko mwaka wa pili wa uuguzi katika chuo cha jamii cha serikali hapa Minnesota, kwa viza ya mwanafunzi, F-1. Mwezi uliopita mimi na wenzangu wawili tuligawa vipeperushi nje ya maktaba kupinga kupanda kwa ada. Mlinzi akatuondoa, akasema chuo kina eneo maalumu la kujieleza na kibali huombwa siku tatu kabla. Wiki hiyohiyo niliandika Facebook kwamba mkufunzi wetu wa wodini anatudharau sisi wenye lafudhi, hasira zimenifika shingoni, na siku moja nitalipuka. Sikutaja jina lake, mgonjwa wala hospitali. Sasa nimepata baruapepe ya mkurugenzi wa programu: nifike kikaoni Alhamisi kujadili "viwango vya weledi". Binamu yangu anasema Marekani uhuru wa kusema ni kamili, hawawezi kunigusa. Shangazi anasema nifute kila kitu na niombe radhi kwa maandishi kabla viza haijafutwa. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya Alhamisi usimsikilize hata mmoja. Binamu yako amepatia nusu, ile ya vipeperushi. Shangazi amekosea kuhusu kufuta, lakini hofu yake ya viza ina msingi, ingawa hatari haipo pale anapoiona yeye.

Yamekutokea mambo mawili ndani ya wiki moja. Chuo kinaweza kuyachanganya, wewe usiyachanganye. Kwenye vipeperushi sheria iko upande wako kwa uzito mkubwa. Kwenye posti umeangukia mahali pabaya, kwa sababu hukumu mbili zinazowabana zaidi wanafunzi wa fani kama yako zimetokea hukohuko Minnesota. Nitaanza na jepesi.

Katiba yetu ya Tanzania, katika Ibara ya 18, inaanza na mtu: kila mtu ana uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1791, yanaanza na serikali: Bunge lisitunge sheria ya kupunguza uhuru wa kusema. Kwanza lilikuwa Bunge la taifa peke yake. Kupitia Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868, na hukumu zilizoanza na ile ya Gitlow mwaka 1925, katazo hilo likazifikia serikali za majimbo na taasisi zao. Chuo chako ni taasisi ya jimbo. Mkuu wa chuo, mkurugenzi wa programu, hata yule mlinzi wa pale maktaba, akikuzuia kusema, ni serikali iliyokuzuia. Ungekuwa chuo binafsi ningekuandikia barua nyingine kabisa. Huko kinga yako ni ahadi zilizomo kwenye kitabu cha mwongozo cha wanafunzi, ambacho mahakama nyingi hukichukulia kama aina ya mkataba. California peke yake ina sheria ya mwaka 1992 inayovibana hata vyuo binafsi visivyo vya kidini.

Ukisoma mtandaoni utakutana kwanza na kesi ya Tinker ya mwaka 1969, ya wanafunzi wa Des Moines waliovaa vitambaa vyeusi mkononi kupinga Vita vya Vietnam. Ni hukumu nzuri, lakini ni ya watoto wa shule. Ninyi wa chuoni hukumu yenu ni Healy dhidi ya James, ya mwaka 1972. Chuo cha serikali kule Connecticut kilikataa kusajili tawi la chama cha wanafunzi wa mrengo wa kushoto kwa sababu mkuu wa chuo hakupenda falsafa yao na alihofia fujo. Mahakama ya Juu ikasema hofu haitoshi na kutopenda hakutoshi: Marekebisho ya Kwanza hayapungui nguvu yakiingia chuoni. Mwaka uliofuata ikaja kesi ya Papish. Mwanafunzi wa uzamili wa uandishi wa habari, Chuo Kikuu cha Missouri, alifukuzwa kwa kugawa gazeti lenye katuni ya polisi wakilibaka Sanamu ya Uhuru na kichwa cha habari chenye tusi zito. Mahakama ikaagiza arudishwe. Kusambaza mawazo, hata yanayochefua kiasi gani, hakuwezi kuzuiwa chuoni kwa jina la adabu pekee. Kama katuni ile ililindwa, karatasi yako ya kulalamikia ada haina cha kuogopa kwa maudhui yake.

Kinachobaki ni wapi, lini na kwa namna gani, na hapo ndipo vyuo hujificha. Chuo kinaruhusiwa kuweka masharti ya wakati, mahali na namna, mradi masharti hayo hayabagui kwa mtazamo, yana sababu ya maana, hayazidi kiasi, na yanakuachia njia nyingine ya kuwafikia watu. Kukataza vipaza sauti karibu na madarasa kunaruhusiwa. Kukataza kulala kwenye mahema uwanjani kunaruhusiwa pia, na ndiyo maana wengi waliopiga kambi vyuoni mwaka 2024 hawakuokolewa na Marekebisho ya Kwanza: tangu 1984 Mahakama ya Juu imekubali kwamba serikali inaweza kupiga marufuku kulala bustanini hata kama kulala huko kwenyewe ni maandamano. Lakini watu watatu wenye karatasi mkononi kwenye njia ya wazi?

Tazama kilichotokea Georgia Gwinnett College, chuo cha umma, mwaka 2016. Chike Uzuegbunam, mwanafunzi wa hapo, alikuwa akizungumza dini na wenzake na kugawa maandiko kwenye uwanja karibu na maktaba. Akaambiwa aende kwenye moja ya maeneo mawili madogo ya kujieleza, tena kwa kibali. Akaomba kibali, akapewa, akasimama alipoelekezwa. Muda mfupi baadaye akaja askari wa chuo: kuna watu wamelalamika, acha. Kanuni za chuo zilihesabu kuwa ni utovu wa nidhamu kusema lolote linaloondoa amani au raha ya mtu. Alipokwenda mahakamani, chuo kwanza kilijitetea kwamba mahubiri yake yalikaribia kuwa maneno ya uchokozi yasiyolindwa. Kikaona aibu, kikabadilisha kanuni na kuomba kesi ifutwe kwa kuwa hakuna tena cha kugombania. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu, majaji 8 kwa 1, ikasema hapana: aliyenyimwa haki yake anaweza kudai hata fidia ya dola moja ya kuitambua haki hiyo, na kesi ikaendelea. Uzito wa hukumu hiyo ni kwamba chuo hakiwezi tena kukutesa miaka miwili, kisha kikafuta kanuni usiku wa kuamkia hukumu na kuondoka kimeosha mikono.

Sasa ngoja nikuonyeshe silaha watakayoishika wanasheria wa chuo, usije ukashtukizwa. Minnesota iko chini ya Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Nane, mahakama ya shirikisho ambayo hukumu zake zinawafunga majaji wa shirikisho wa majimbo yaliyo chini yake tu. Mwaka 2006, katika Bowman dhidi ya White, mahakama hiyo ilipitia kanuni za Chuo Kikuu cha Arkansas. Ilitupa kikomo cha siku tano kwa muhula, lakini ikaacha sharti la kibali na la kutoa taarifa siku tatu za kazi kabla. Siku tatu, kama zenu. Tofauti ni kwamba Bowman alikuwa mhubiri kutoka nje ya chuo, aliyekuwa akivuta umati. Wewe ni mwanafunzi unayelipa ada palepale, na mlikuwa watatu. Mwaka 2012 mahakama ya shirikisho kule Ohio iliwazuia wakuu wa Chuo Kikuu cha Cincinnati kuwabana wanafunzi kwenye eneo la kujieleza lililokuwa asilimia 0.1 ya chuo, lenye sharti la taarifa siku kadhaa kabla. Hukumu hiyo haiwafungi majaji wa kwenu, lakini hoja yake inasafiri. Kwa maoni yangu, kanuni ya siku tatu kwa mwanafunzi anayetaka tu kugawa karatasi haitasimama, na mara nyingi barua moja yenye hoja nzito inatosha kuiangusha kabla ya kufika kwa jaji.

Tuje kwenye posti, nakuomba usome taratibu.

Ungekuwa unasomea historia au uhasibu, ningekuambia ulale usingizi. Maneno yanayonyimwa ulinzi ni machache na yana vipimo. Uchochezi lazima uwe umekusudia na kuelekea kuleta uvunjaji wa sheria wa papo hapo; hiyo ni hukumu ya Brandenburg ya 1969. Kitisho lazima kiwe kitisho cha kweli, na tangu hukumu ya Counterman mwaka 2023, ikitakiwa kukuadhibu kijinai, lazima ionyeshwe angalau kwamba ulijua maneno yako yanaweza kusikika kama kitisho ukapuuza. Unyanyasaji kati ya wanafunzi, kwa kipimo cha hukumu ya Davis ya 1999, ni ule mzito, wa kujirudia na wa kuchukiza mbele ya mtu yeyote mwenye busara, kiasi cha kumnyima mwathirika elimu. "Kauli za chuki" hazimo kwenye orodha hiyo. Mahakama ya Juu ilikataa tena mwaka 2017 kuzitenga. Na vyuo vilivyojaribu kuandika kanuni za kukataza maneno ya kuudhi vimeshindwa tangu Michigan mwaka 1989 na Wisconsin mwaka 1991. Kusema mkufunzi anawadharau wenye lafudhi ni maoni. Kusema siku moja utalipuka ni lugha ya mtu aliyechoka.

Lakini wewe unasomea uuguzi. Programu yako ina kitabu chake, nje ya kile cha chuo kizima, na ndani yake kuna maadili ya taaluma uliyotia sahihi wiki ya kwanza, pengine bila kusoma. Hapo ndipo maneno "viwango vya weledi" yanapotoka.

Hukumu ya kwanza ya kujua ni Tatro dhidi ya Chuo Kikuu cha Minnesota, ya Mahakama ya Juu ya jimbo, 2012. Mwanafunzi wa sayansi ya maziko aliandika Facebook mizaha juu ya maiti waliyojifunzia, akaipa na jina, na akaandika kwamba anatamani kumchoma mtu fulani kooni kwa kifaa cha kutayarishia maiti. Polisi hawakuona kosa la jinai. Chuo kikampa F kwenye somo la maabara. Mahakama ikasema chuo kinaweza kuadhibu posti inayokiuka kanuni za programu, mradi kanuni hizo ni finyu na zinahusiana moja kwa moja na maadili yanayotambulika ya taaluma.

Ya pili inakuhusu zaidi: Keefe dhidi ya Adams, Mzunguko wa Nane, 2016. Mwanafunzi wa uuguzi wa Central Lakes College, chuo cha jamii cha serikali kule Brainerd. Aliandika Facebook kumlalamikia mwenzake wa kazi ya kikundi na kuongeza kwamba hakuna wiski ya kutosha kuizuia hasira hiyo. Kwingine akatania kuhusu kumjeruhi mtu mapafu kwa kifaa cha kuchongea penseli. Wenzake wawili wakaenda kulalamika. Akaitwa kikaoni kwa maelezo kwamba ni suala la weledi na mipaka ya taaluma. Akaenda, akajitetea kwa ukali, mkurugenzi akaona hajutii, akaondolewa kwenye programu. Mahakama, majaji wawili kwa mmoja, ikakubaliana na chuo. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza. Mimi naona iliamuliwa vibaya, na jaji aliyepinga aliandika hoja ambazo siku moja zitarudi, lakini huendi kikaoni Alhamisi kwa hukumu ya siku moja. Unakwenda kwa hukumu iliyopo, nayo inawafunga majaji wote wa shirikisho wa ngazi ya kwanza Minnesota.

Kwingineko upepo unavuma vingine. Mwaka 2024 Mzunguko wa Sita, katika Diei dhidi ya Boyd, ulisema posti za mwanafunzi wa famasia wa Chuo Kikuu cha Tennessee kuhusu mapenzi na mashairi ya rap, alizoandika kwa majina ya mtandaoni bila kutaja chuo, zililindwa, na kwamba "weledi" si neno la uchawi la kumruhusu profesa kuchungulia maisha ya mwanafunzi. Chuo kikamalizana naye mwaka 2025 kwa dola 250,000. Itaje Alhamisi kama kuna haja, lakini ukumbuke ni ya Mzunguko mwingine.

Mbona kesi yako ikiwekwa kwenye kabati la "weledi", badala ya lile la nidhamu, ni hatari hivyo? Kwa sababu linabadilisha mambo mawili kwa pamoja. Kwanza linalegeza kipimo cha uhuru wa kusema, kama ulivyoona. Pili linapunguza haki yako ya kusikilizwa. Tangu Dixon dhidi ya Bodi ya Elimu ya Alabama, mwaka 1961, kesi ya wanafunzi Weusi waliofukuzwa baada ya kukaa kwenye mgahawa wa Weupe katika jengo la mahakama Montgomery, chuo cha umma hakiwezi kumfukuza mtu kwa nidhamu bila kumpa mashtaka na nafasi ya kujitetea. Lakini mwaka 1978, katika kesi ya Horowitz, Mahakama ya Juu ilisema uamuzi wa kitaaluma, yaani kwamba mtu hafai kielimu, hauhitaji kikao rasmi hata kidogo. Mkurugenzi wako anajua hivyo, au mwanasheria wa chuo anajua. Kosa lilelile likipita ofisi ya nidhamu ya wanafunzi lina taratibu. Likipita kwake, linakuwa tathmini.

Kwa hiyo kazi yako kabla ya Alhamisi ni kuwalazimisha wachague kabati kwa maandishi. Jibu baruapepe leo, mistari michache, kwa heshima: nimeipokea, nitafika, naomba nitumiwe kabla ya kikao kanuni ninayodaiwa kukiuka na ukurasa wake, nakala ya maneno yanayolalamikiwa, nijulishwe kama huu ni mchakato wa nidhamu au wa kitaaluma, matokeo yanayoweza kutolewa, na njia ya rufaa. Kama posti iliandikwa kwa Kiswahili, uliza pia wametumia tafsiri ya nani. Usieleze wala usiombe radhi ndani ya baruapepe hiyo. Ombi la pili, tofauti, liende kwa ofisi ya usajili: unataka kuona faili lako chini ya sheria ya kumbukumbu za wanafunzi ya mwaka 1974. Wana hadi siku 45, hawatakupa kabla ya Alhamisi, lakini umeshaweka alama.

Usifute. Skrinshoti wanayo, vinginevyo usingeitwa, na kufuta kutasomwa kama kukiri. Hifadhi nakala yako kamili na maoni yote yaliyo chini yake, ndipo ubane ukurasa uonekane kwa marafiki tu kama unataka. Usiandike posti nyingine, hata stetasi ya WhatsApp yenye methali. Nimeona kesi njema zikiharibiwa na stetasi.

Kikaoni nenda na mtu: kama utaratibu hauruhusu wakili aseme, aketi na kuandika. Sheria ya Minnesota inamruhusu mshiriki mmoja wa mazungumzo kuyarekodi bila idhini ya wengine. Angalia kwanza kitabu cha programu hakikatazi, maana hutaki kosa la pili. Wakikuuliza "nitalipuka" maana yake nini, sema kwa utulivu kwamba ulikuwa umechoka, hukumaanisha kumdhuru mtu yeyote, na kwamba mgonjwa hajawahi kuwa hatarini mikononi mwako. Hiyo si kuomba radhi kwa maoni yako. Keefe hakupoteza kwa posti pekee. Alipoteza pia kwa namna alivyoongea ndani ya chumba kile. Haki si haki, ndivyo ilivyokuwa.

Tena, na hili naona hukuliona ulipokuwa unaandika swali: malalamiko yako kuhusu lafudhi ni jambo la kisheria lenyewe. Sehemu ya Sita ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza chuo kinachopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na kumdharau mwanafunzi au kumpunguzia alama kwa lafudhi yake kunaweza kuingia humo. Kulipiza kisasi kwa aliyelalamika kumekatazwa pia. Kwa sasa lalamiko lako lipo Facebook, limevaa hasira. Lipeleke kwenye ofisi ya usawa ya chuo kabla ya Alhamisi, kwa tarehe, maneno aliyosema mkufunzi, nani alikuwepo, alama zilizotolewa. Likiwa rasmi, mkurugenzi anayetaka kukuondoa anajua kuna mtu wa tatu anayesoma faili. Hakikisha tu kila unachoandika ni kweli na unaweza kukitetea, na huko nako usitaje mgonjwa.

Viza. Mgeni aliyeingia kihalali ana uhuru wa kusema hapa. Mahakama ya Juu ilisema hivyo mwaka 1945 katika kesi ya Bridges, mzaliwa wa Australia waliyetaka kumrudisha kwao kwa sababu ya siasa zake. Mwaka 2025 serikali kuu ilianza kufuta viza na kuwakamata wageni vyuoni kwa maandishi na maandamano yao, hasa kuhusu Palestina. Tarehe 30 Septemba 2025 Jaji William Young wa mahakama ya shirikisho Massachusetts aliamua kwamba sera hiyo ilivunja Marekebisho ya Kwanza. Ni uamuzi wa ngazi ya kwanza, na sitakudanganya kwamba umefunga mjadala: mamlaka ya uhamiaji yana nguvu ambazo chuo hakina, na tangu Juni 2025 anayeomba viza ya mwanafunzi anatakiwa kuacha kurasa zake za mitandao wazi zikaguliwe. Maana yake kwako ni moja: usitoke nje ya Marekani hadi suala hili liishe, hata kwa harusi.

Lakini hatari ya kwanza kwako ni karatasi za usajili. Ukiondolewa kwenye programu katikati ya muhula ukashuka chini ya krediti 12, hadhi yako ya F-1 inaanguka bila ofisa yeyote wa Washington kusoma posti yako. Anayeacha masomo kwa idhini ya ofisa wa wanafunzi wa kimataifa hupewa siku 15 za kuondoka. Anayeondolewa bila kutunza hadhi hana hata siku moja ya neema. Kwa hiyo Alhamisi wakigusia kukuondoa, ombi lako la kwanza liwe kwamba uamuzi usitekelezwe hadi rufaa iishe na ubaki umesajiliwa. La pili, kama programu imefungwa kwako, ni kuhamia masomo mengine chuoni hapohapo bila kukatika. Mwone ofisa wa wanafunzi wa kimataifa mapema, ila ukumbuke ni mwajiriwa wa chuo na ana wajibu wa kuripoti mabadiliko. Siri zako zipeleke kwa wakili wa uhamiaji.

Kuhusu mahakama sitakuchosha. Sheria ya mwaka 1871 inakuruhusu kuwashtaki maofisa wa jimbo binafsi kwa kukuvunjia haki ya kikatiba, na ukishinda wakili wako hulipwa na upande wa pili. Kizuizi kikubwa ni kinga ya maofisa: kama hakuna hukumu ya wazi iliyokwisha kusema kitendo chao ni haramu, hawalipi fidia. Ndivyo alivyoshindwa mwaka 2019 mwanafunzi wa udaktari wa New Mexico aliyeandikia Facebook kuhusu uchaguzi. Kwenye vipeperushi kinga hiyo ni dhaifu zaidi. Kwenye posti, pale Minnesota, ni nene.

Msaada wa bure upo. FIRE, shirika la Philadelphia la kutetea uhuru wa kusema lililoanzishwa 1999, ndilo lililosimama na yule mwanafunzi wa Tennessee, na hupokea maombi mtandaoni. ACLU, shirika la kutetea haki za kiraia, lina tawi Minnesota. Waandikie wote wawili leo usiku, uambatishe baruapepe ya mkurugenzi na picha ya bango la eneo la kujieleza. Yale ya mlinzi usiyaingize kwenye mazungumzo ya Alhamisi. Wakiyaingiza wao, sema hilo ni jambo jingine na utalijibu kwa maandishi. Barua ya vipeperushi iende wiki inayofuata kwa mkuu wa chuo, ikiwa na sahihi zenu wote watatu, ikiuliza kanuni hiyo imeandikwa wapi na ilipitishwa lini.